Plastiki Laini ya Mzee Saa

Kituoni mama huyu walimwita Inspekta Taratibu, na hawakumpa jina hilo kwa kumsifu. Wenzake wangeshafunga jalada, yeye bado anamwomba shahidi arudie alikuwa amekaa upande gani wa meza. Ila jalada lake likifungwa limefungwa, hata wakili mwenye maneno mengi hulisoma akalirudisha bila hoja. Asubuhi ile alikuwa kwenye maabara ya jumba la makumbusho, mikono nyuma, ameinamia albamu ya sarafu iliyofunguliwa chini ya taa. Koplo wake alisimama mlangoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Za kweli au za bandia?" Koplo aliuliza. "Neno moja tu, Daktari, tukamkamate mtu au tukanywe chai."

"Ukiniharakisha naanza upya," alisema Mkemia, na hakuinua kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito, na kazi yake pale ilikuwa kuvizuia vitu vya kale visioze kabla ya wajukuu kuviona.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu na ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Saa, alikuwa amepofuka. Aliishi na mkamwana wake, mjane wa mtoto wake wa pili. Mtoto wake mkubwa, aliyekaa mji mwingine, alikuja kumsalimia, akafungua albamu ya sarafu alizozijua tangu utotoni, akakuta zimeota kijani na zinanata kama pipi iliyotemwa. Fedha haioti kijani, alisema, na moja kwa moja akaenda kituoni kumshtaki shemeji yake kwamba ameuza za kweli na kuweka za bandia. Ikithibitika, mjane yule angelala mahabusu, na mzee angeng'olewa kutoka nyumba pekee aliyoweza kutembea ndani yake bila fimbo. Inspekta alikuwa amelifikiria hilo njia nzima, kwa sababu alikuwa amemwona yule dada akimvalisha mzee koti, akimfunga vifungo huku wakitaniana.

Mkemia alivua glovu. "Ni za kweli. Zote. Nimezipima uzito, nimezipima kipenyo, nimezitazama chini ya hadubini. Kuna za fedha na kuna za shaba, na hakuna hata moja ya kughushi."

"Lakini zimeota kijani," Koplo alisema.

"Fedha ikiwa tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo ipate nguvu. Shaba ndiyo inayotoa kijani. Kuna tindikali iliyozila."

Koplo alipiga makofi. "Basi hakuna wizi. Chai."

"Kesi haijaisha, imehama tu," alisema Inspekta. "Yule kaka alinipigia simu asubuhi. Kama hazikubadilishwa, anasema, basi shemeji yake amezimwagia kitu kwa kijicho, kwa sababu mzee alishatamka kwamba zitakuwa za mtoto mkubwa. Amekuta chupa ya dawa ya kusafishia choo chini ya sinki la jikoni."

"Hata mke wangu anayo chupa hiyo," Koplo alinong'ona, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana ana wasiwasi wa kweli.

Mkemia alimvuta Inspekta karibu na taa. "Tindikali ikimwagwa hutiririka. Ungeona njia yake, hapa imekula sana, hapa imerukia pembeni, na jalada la albamu lingekuwa limetoboka. Sasa tazama. Kila sarafu imeliwa usoni na mgongoni, palepale plastiki inapoigusa. Ukingo umepona karibu wote."

Inspekta alitazama kila mfuko, mmoja baada ya mwingine, kwa ule mwendo wake uliowafanya watu watamani kujiuzulu. Kwenye mfuko wa mwisho wa ukurasa wa mwisho alisimama. Humo palikuwa na sarafu ndogo ya fedha iliyokuwa imebaki ndani ya bahasha yake ya zamani ya plastiki ngumu, bahasha iliyozibwa pande zote, kisha ikatumbukizwa vivyo hivyo ndani ya mfuko laini kama wenzake. Sarafu hiyo ilimeremeta.

"Nyumba moja," alisema polepole, "joto moja, unyevu mmoja, mikono ileile. Wenzake wameoza na huyu mzima. Amevaa nguo mbili."

"Nusa," Mkemia akamwambia, akamsogezea ukurasa.

Koplo ndiye aliyewahi kunusa. "Viatu vya plastiki! Vile vipya, siku ya kwanza kutoka dukani."

"Au pazia la bafuni. Sasa njoo tuulize moto."

Mkemia alikata kipande kwenye pembe ya ukurasa laini, kidogo kama ukucha wa mtoto. Alifungua dirisha, akawasha taa ya spiriti, akampa Inspekta waya wa shaba ulioshikwa kwa koleo. Waya ulipashwa mpaka ukawa mwekundu, ukagusishwa kwenye kile kipande hadi plastiki ikaushikilia kidogo, kisha ukarudishwa motoni. Moto uligeuka kijani kibichi.

"Lahaula!" Koplo alirudi nyuma.

Wakachukua waya mwingine safi, wakajaribu kwa plastiki ngumu ya aina ile ile iliyoifunika sarafu nzima. Mkemia alikuwa nayo kabati tele. Moto ukabaki rangi yake.

"Ile ya kwanza ina klorini," Mkemia alieleza. "Ni PVC, ndugu wa bomba la maji, ila bomba ni gumu na hii imelainishwa kwa mafuta. Mafuta hayakai. Mwaka baada ya mwaka yanajitoa, yanakuwa ule ute unaonata, na klorini ikikutana na joto na unyevu inazaa tindikali. Sarafu iko ndani imefungwa, itakimbilia wapi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Inspekta.

"Ndivyo. Na wanaoikosea ni wengi, wala si wajinga. Mtu anashika plastiki ngumu, inalia krakra, anasema hii itaikwaruza sarafu yangu. Anashika laini, anasema hii itaibembeleza. Kumbe ile inayolia ndiyo salama. Hiyo ni poliesta, ukoo mmoja na shati la Koplo. Ipo pia polipropilini, ile ya vyombo vya kuhifadhia chakula, haina klorini na haina mafuta ya kujitoa. Katika hizo mbili mtu anaweza kuweka sarafu akalala usingizi. Lakini plastiki ikiwa laini kama shavu na inanukia dukani, irudishe rafuni, hata muuzaji akiapa."

Koplo alikuwa anajinusa kola ya shati. Inspekta hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye mshono wa mfuko mmoja.

"Kurasa hizi hazikununuliwa," alisema. "Mtu amekata plastiki ya kutandikia meza, akaiunganisha kwa kitu cha moto chenye ncha nyembamba. Tazama mshono ulivyonyooka. Ni mkono wa mtu aliyezoea vitu vidogo." Kidole kiliteremka hadi ukingoni mwa ukurasa, kikakuta mkato. Akafunua ukurasa uliofuata: mikato miwili. Wa baada ya huo, mitatu.

"Panya," alisema Koplo.

"Panya aliyesoma hesabu?"

Inspekta alifumba macho. Alipapasa mikato, akahesabu, akaweka kidole gumba juu ya mfuko na kuigusa sarafu kupitia ile plastiki laini. Chini ya ute alihisi kitu kama pua, kisha kikafifia. Akachukua bahasha ngumu ya Mkemia yenye sarafu ya majaribio ndani, akapapasa vivyo hivyo. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama kugusa kioo cha dirisha.

Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa kidogo, naye hakuyaficha.

"Daktari, huu ute unatoka?"

"Kwa asetoni safi, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ndiyo, ila mbali na moto. Usiisugue sarafu. Unaichovya, unaizungushazungusha, unaiacha ikauke. Pale ilipoliwa pameliwa, hapatarudi. Lakini sura nyingi zitaonekana."

"Na mtu akizishika kwa vidole vitupu?"

Mkemia alisita. Wakusanyaji wa sarafu wana amri moja wanayofundishwa kabla ya zote: shika ukingo, usiguse uso, jasho lina chumvi. Alilifahamu hilo kuliko mtu yeyote mjini. "Za makumbusho ningekukata mkono," alisema mwishowe. "Lakini hizo ni zake. Azishike. Kisha mtu amfutie kwa pamba kavu kabla hazijarudi ndani."

*

Garini, walipofika taa za pili za barabarani, Koplo alisema jambo lisilohusu chai. Kwake huo ulikuwa muujiza.

"Mama, mtu mwenye macho hahitaji mikato kwenye kurasa."

"Hahitaji."

"Kwa hiyo aliyeziharibu ni mwenyewe. Mzee."

"Aliyezitengenezea nguo ni mzee. Kuharibu ni neno lingine."

"Na yule dada anajua?"

"Hilo ndilo tunalokwenda kuuliza."

Nyumba ya Mzee Saa ilikuwa na saa moja tu ukutani, nayo ilichelewa, kama ilivyo ada ya nyumba za mafundi. Inspekta alimwacha Koplo sebuleni na mzee, akapitiliza jikoni. Mkamwana alikuwa anamenya viazi juu ya beseni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono myepesi, uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Karibu, afande. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukaa." Inspekta alivuta stuli. "Sarafu ni zilezile. Hakuna iliyobadilishwa."

Kisu kilisimama. "Namshukuru Mungu."

"Shemeji yako sasa anasema umezimwagia dawa ya choo."

"Basi andika hivyo."

"Ulimwaga?"

"Andika, afande. Nimekubali."

"Mimi siandiki nilichoambiwa, naandika kilichotokea. Ndiyo maana sipandi cheo." Alichukua kiazi kimoja, akatafuta kisu cha pili, akaanza kumenya naye. "Nani alitengeneza ile mifuko?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Pasi."

"Pasi hii ya nguo? Ingeyeyusha ukurasa mzima, mwanangu. Mshono wa mle ni mwembamba kama uzi. Ni kisu cha kulehemu, cha fundi." Ganda la kiazi lilianguka. "Na ile mikato ya ukingoni ni ya nini? Wewe unaona."

Mkamwana aliweka kiazi chini. Aliutazama mlango wa sebuleni, akashusha sauti.

"Usimwambie. Nakuomba kwa kila unachokipenda. Nipeleke popote, lakini usimwambie."

"Niambie mimi kwanza."

"Macho yalipoanza kumwisha alikuwa anashinda na ile albamu. Kila sarafu ina mtu wake, afande. Mteja aliyetoka safari, baharia, mwalimu, mtu aliyekosa pesa ya kulipia saa akaacha kitu cha nchi yake. Siku moja akaniambia, mwanangu, hawa watu wananiondokea, sura zao sizioni. Nikamwambia, zipapase. Akasema hii plastiki ngumu hainiruhusu. Basi mimi ndiye niliyempeleka dukani. Mimi! Tukapapasa plastiki zote za mezani pale, yeye anazigusisha shavuni, muuzaji anatushangaa. Tukachagua iliyo laini kuliko zote. Alikata mwenyewe, aliunganisha mwenyewe, kwa kupapasa tu, akaunguza kidole gumba. Siku aliyomaliza akazisoma kwa vidole, akacheka. Tangu mume wangu afariki, sikuwa nimesikia mtu akicheka ndani ya nyumba hii."

Alifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Halafu nikaona kijani. Kidogo, pembeni. Nikafuta plastiki kwa nje, haikutoka, ilikuwa ndani. Siku hiyohiyo akaniuliza, zinang'aa? Nikasema zinang'aa, baba. Kesho yake akauliza tena. Uongo ukishaulea, afande, unakuita mama. Sasa nimwambie nini? Kwamba amezioza kwa mikono yake, na mimi nikitazama? Atakufa."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Huyu si mwana. Ni baba."

"Baba naye akizeeka tunamchelea vilevile, tena zaidi." Inspekta aliosha mikono. "Nikuulize jambo moja. Siku hizi bado anazipapasa?"

"Ameacha. Hata shemeji alipoichukua albamu akamdanganya inapelekwa kusafishwa, hakuuliza inarudi lini."

"Aliacha kabla au baada ya shemeji yako kuja?"

"Kabla. Alisema amechoka nazo."

"Amechoka. Mtu aliyeziunganisha akiwa kipofu mpaka akaungua." Inspekta alisimama katikati ya jikoni, taulo mkononi. "Zima jiko, fungua madirisha yote. Kisha twende sebuleni. Na utakayemwambia ni wewe. Kutoka kwangu itakuwa ripoti ya polisi. Kutoka kwako itakuwa mazungumzo."

*

Mtoto mkubwa alikuwa ameshafika. Alisimama katikati ya sebule, mtu mzito mwenye suti, mfuko wa nailoni mkononi, na ndani ya mfuko ile chupa.

"Kidhibiti," alimwambia Koplo.

"Asante sana, kaka. Choo cha kituo kilikuwa kinaisubiri."

Mzee Saa alikaa kwenye kiti cha dirishani, viganja vimelala magotini. Alikuwa amenyoa vizuri. Ilionekana aliyemnyoa alikuwa na subira. "Huyu wa buti anatembea kama amebeba kabati," alisema, na kichwa kikageukia mlangoni. "Na wewe mwingine unatembea taratibu. Mwanamke. Viatu vyako vinahitaji kisigino kipya upande wa kushoto."

"Ni kweli, mzee. Natoka kituo cha polisi."

"Tulikubaliana baba asijue!" mtoto mkubwa alifoka.

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza."

"Polisi," alisema mzee. "Haya. Nyumba hii kila mtu ananificha kitu. Kipofu ni mimi, lakini mnaopapasa ni nyinyi."

Mkamwana alipiga magoti mbele ya kile kiti, akaishika mikono yake yote miwili.

"Baba, sarafu hazing'ai."

Mzee aligeuza uso dirishani.

"Zimeota kijani. Muda mrefu sasa. Nimekudanganya kila ulipouliza. Shemeji alidhani nimeiba, akanishtaki, na alikuwa na haki ya kudhani, kwa sababu sikusema. Kumbe ni ile plastiki, baba. Ile laini tuliyoichagua mimi na wewe. Ndiyo inayozila."

"Plastiki gani?" mtoto mkubwa aliuliza. "Inspekta, anasema nini huyu?"

"Anasema kweli. Nimejaribu kwa moto asubuhi hii. Baba yako alizivisha nguo laini ili azisome kwa vidole, na nguo hizo zina sumu ndani yake. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyemwaga. Shemeji yako alikuwa tayari kwenda mahabusu ili mzee asijue."

Mtoto mkubwa alimgeukia shemeji yake. Lakini Inspekta hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama mikono ya mzee, iliyoanza kutetemeka ndani ya mikono ya mkamwana.

"Zinanata?" mzee aliuliza.

"Zinanata, baba."

"Kwa ndani? Ute?"

"Ute mzito. Umezifunika sura zote. Hata mwenye macho hazioni."

"Umeona sasa!" mtoto mkubwa alimgeukia Inspekta. "Tazama anavyotetemeka, mngeniachia mimi—"

"Nyamaza," alisema Mzee Saa.

Alitoa mkono mmoja, akauinua mbele ya uso wake kama anayeweza kuuona. Alisugua kidole gumba na cha shahada, polepole, akasugua tena.

"Kwa hiyo si vidole vyangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Inspekta, aliyekuwa amelielewa tangu jikoni.

"Zilianza kunipotea," mzee aliendelea. "Kwanza yule malkia. Nikampapasa pua, hana pua. Halafu meli. Halafu yule tai. Moja baada ya nyingine zikawa nyororo. Nikajua basi, vidole navyo vinakufa, kama macho yalivyoanza. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Huyu dada ana mzigo wa kutosha. Nikawa napapasa kitasa cha mlango, nasema hiki ni kitasa, lakini nafsi inaniambia unakumbuka tu, huhisi. Nikaacha kuzigusa nisije nikahakikisha." Machozi yalimtoka wazi, naye aliyaacha. "Nilikuwa najiuliza, vikiisha vidole, nitawajuaje wanangu wakija?"

Mtoto mkubwa alikaa chini sakafuni, na suti yake yote, kwenye miguu ya baba yake. Alikuwa analia bila sauti, kama wanavyolia watu wazito.

"Baba," alisema. "Mimi nilikuja kwa sababu ya zile sarafu. Nakuapia si kwa thamani. Nilikumbuka mimi na marehemu tukikaa hapo chini na wewe ukitusimulia. Nilipoziona vile nikaona kama mtu amemfukua mdogo wangu. Sikufikiri."

Mzee alimpapasa kichwa, akashuka hadi sikioni, akalivuta kidogo. "Umenenepa."

Inspekta alitoa kwenye mkoba chupa ya asetoni aliyopewa na Mkemia, bakuli la kioo, na bunda la pamba. Alihakikisha madirisha yako wazi, akamwangalia Koplo kwa namna iliyomfanya arudishe kiberiti mfukoni. Kisha akafungua albamu aliyokuja nayo, akatoa sarafu moja kwa kibano, akamnyooshea mtoto mkubwa.

"Wewe una macho mazuri ya kuona makosa. Osha. Usisugue, zungusha tu."

Mtoto mkubwa alivua koti. Ile sarafu iliingia bakulini ikiwa kijani, na ute ukaanza kuachia, ukaelea kama utando wa maziwa. Aliizungusha. Akaitoa, akaipuliza. Mkamwana alikuwa amesogea, ameshika pamba. Walifanya kazi vichwa vikiwa vimegusana karibu, bila kuzungumza, mpaka uso wa mtu ukaibuka, na chini ya jicho lake shimo dogo lisilofutika.

"Shemeji," mtoto mkubwa alisema huku ameitazama sarafu. "Nisamehe."

"Kuna beseni la viazi jikoni. Ukimaliza kumenya nitakusikiliza."

"Vyote?"

"Na vitunguu."

Koplo alikuwa ametoa kalamu. "Mama, kwenye jalada mshtakiwa nimwandike nani?"

"Andika malalamiko yameondolewa na aliyeyaleta. Si ndivyo, kaka?"

"Yameondolewa," alisema mtoto mkubwa.

"Na andika kwamba huyu haendi popote," alisema mzee. "Mwenye kutaka kunitenganisha na mwanangu huyu aje na winchi."

"Winchi, baba?" Mkamwana alicheka, na kicheko kikamponyoka kwa sauti mpaka akajiziba mdomo.

Inspekta aliweka mezani furushi la bahasha ngumu, zile zinazolia krakra. "Hizi ndizo nguo mpya za sarafu. Zimeachwa wazi juu. Utazitoa utakapotaka, utazishika upendavyo, na mtu atazifuta kabla ya kuzirudisha. Mikato ukingoni mtaikata tena wenyewe."

Mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amenyoosha kiganja. Mtoto wake aliiweka sarafu katikati, tupu, bila kitu chochote juu yake.

Kidole gumba, chenye baka la kuungua, kilipanda polepole kutoka ukingoni. Kikasimama. Kikarudi.

"Masharubu," alisema Mzee Saa. "Huyu ni wa yule mpiga tarumbeta. Saa yake iliingia maji, nikaifungua ikatoka na samaki mdogo, nawaambia kweli, mkubwa wa punje ya mchele. Alicheka mpaka akakaa chini." Kidole kiliteleza chini ya jicho. "Ana kovu hapa. Hakuwa nalo."

"Plastiki imemla hapo, baba."

"Haidhuru. Namjua."

Aliifumba ile sarafu kiganjani, akaibusu ngumi yake. Kisha akanyoosha mkono wa pili.

"Leteni nyingine," alisema.